Dereva yuleyule, nchi mbili: mwendo wetu kabla na baada ya kuvuka Namanga

Mleta mada

Wakuu, habari za wakati huu.

Nimeendesha gari kati ya Arusha na Nairobi kwa miaka kumi na mmoja, kwanza nikiwa dereva wa magari ya watalii na baadaye wa lori la mizigo, na katika muda wote huo nimesikia kauli mbili zikirudiwa kwenye foleni za Namanga. Watanzania husema Wakenya wanaendesha kana kwamba kuna mtu anawakimbiza. Wakenya husema Watanzania wanatambaa, na kwamba safari ya Tanzania haina mwisho. Naanzisha uzi huu kwa sababu naamini kauli zote mbili zinakosea mahali pamoja: zinachukulia mwendo wa dereva kuwa kitu cha kuzaliwa nacho, ilhali nimewaona madereva wa nchi zote mbili wakibadilika ndani ya dakika kumi baada ya kuvuka mpaka, nami nikiwa mmoja wao.

Nianze na upande wetu. Kutoka Namanga hadi Arusha ni takribani kilomita 110 za lami, na dereva aliyeizoea njia hiyo huzihesabu kwa vibao vya 50. Kibao kinapoonekana, mguu unahama kutoka kwenye mafuta kwenda kwenye breki hata kama kijiji chenyewe bado hakijaonekana, kwa sababu Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inaweka kikomo cha kilomita 50 kwa saa kwenye maeneo ya makazi, na kwa sababu askari mwenye tochi, yaani kifaa cha kupimia mwendo, anaweza kuwa amesimama chini ya mti wowote. Ukishapigwa tochi hakuna mjadala mrefu: unaonyeshwa mwendo uliosomeka, unaandikiwa faini ambayo kwa miaka mingi imekuwa shilingi 30,000, unapewa kumbukumbu namba na unalipa kwa simu. Wakati mwingine askari aliyekupiga tochi humwoni kabisa, kwa kuwa picha ya gari lako hutumwa kwa simu kwa mwenzake aliye kilomita kadhaa mbele, na huyo ndiye anayekusimamisha. Madereva wengi wanaulalamikia utaratibu huo, na mimi niliwahi kuulalamikia kwa hasira sana.

Matokeo yake ni mwendo wa aina yake, ambao mgeni huutambua upesi kuliko sisi wenyewe. Ndani ya kijiji msafara mzima unakwenda kwa adabu, lakini kibao cha mwisho wa makazi kikishapita kila mtu anakanyaga mafuta ili kufidia dakika anazoamini amezipoteza. Mabasi ya mikoani huonyesha hali hiyo waziwazi zaidi. Kikomo chao ni 80, sawa na magari mengine yenye uzito unaozidi kilo 3,500, na LATRA, mamlaka inayosimamia usafiri wa nchi kavu, inayafuatilia kwa mfumo unaoonyesha mwendo wa kila basi likiwa njiani. Hata hivyo abiria yeyote aliyesafiri mara nyingi anajua jinsi ligi inavyoanza pale mabasi mawili ya njia moja yanapokutana baada ya stendi. Tena tumejijengea mshikamano wa kutahadharishana: gari linalokuja mbele likikuwashia taa mchana kweupe, ujue kuna tochi. Ishara hiyo ingeweza kumaanisha kwamba kuna ng'ombe barabarani au gari limepinduka baada ya kona, lakini akili ya dereva wa Kitanzania huenda kwanza kwa askari. Jambo hilo hunisumbua kila ninapolifikiria, kwa maana linaonyesha tumefundishwa kuogopa nini.

Upande wa pili, kutoka Namanga hadi Nairobi ni kilomita 165 hivi kupitia Bissil, Kajiado, Isinya na Kitengela. Huko hofu ya tochi hupungua na nafasi yake huchukuliwa na tuta. Ukikaribia mji utakutana na vijituta vidogo vinavyotikisa usukani, kisha tuta kubwa, kisha jingine, na dereva hupunguza mwendo kwa kuhofia springi na shokapu zake. Kwa maandishi sheria ya Kenya haitofautiani sana na yetu: 50 mijini, 80 kwa matatu, mabasi na malori, na kwa magari madogo 100 kwenye barabara kuu ya kawaida au 110 pale pande mbili za barabara zilipotenganishwa. Tofauti kubwa niliyoikuta imo kwenye faini. Kanuni za makosa madogo za mwaka 2016 ziliipanga kwa ngazi: anayezidisha kati ya kilomita 1 na 5 huonywa, kati ya 6 na 10 hutozwa shilingi 500 za Kenya, kati ya 11 na 15 hutozwa 3,000, na kati ya 16 na 20 hutozwa 10,000. Kwetu aliyezidisha kidogo na aliyezidisha sana wamekuwa wakiandikiwa kiasi kilekile. Dereva anayeamini kwamba kosa limekwisha kutendeka hana tena sababu ya kujizuia, na nimesikia madereva wakilisema hilo kwa sauti: nikipigwa kwa 58 au kwa 90, elfu thelathini ni elfu thelathini.

Kinachomtisha Mtanzania anapoendesha Kenya ni namna ya kupita magari kuliko mwendo wenyewe. Mara yangu ya kwanza karibu na Isinya, matatu ilitoka nyuma ya lori upande wa pili ikanijia usoni huku ikiwasha taa kamili, na ikanichukua muda kidogo kuelewa kwamba dereva wake hakuwa na mpango wa kurudi nyuma ya lori. Alikuwa ananiarifu kwamba mimi ndiye ninayepaswa kushuka kwenye bega la barabara. Nilishuka. Baada ya miezi michache nilikuwa nimezoea kushuka bila hasira, na baada ya mwaka mmoja nilijikuta nikifanya vilevile kwa wengine, jambo ambalo sikuwahi kulifanya kati ya Longido na Arusha. Hakuna aliyenifundisha. Niliona kwamba anayesubiri njia iwe wazi kabisa hupitwa na magari matano kutoka nyuma na kubaki na lori lake, nikafanya kama wenzangu.

Nieleze pia kisa kilichonifanya niache kuilaani tochi. Mwaka mmoja, mchana, nikielekea Arusha, nilipita Longido kwa mwendo wa 50 kamili. Sikuwa na huruma yoyote ya pekee siku hiyo. Gari lililotoka mbele lilikuwa limeniwashia taa. Mtoto wa shule akatoka nyuma ya lori lililoegeshwa, akakimbia kuvuka. Kwa mwendo wa 50 gari hukata karibu mita 14 kila sekunde, na dereva aliye macho hutumia kama sekunde moja kabla mguu haujafika kwenye breki, kisha gari huhitaji mita nyingine 14 hivi kusimama kwenye lami kavu. Nilisimama mtoto akiwa hatua tatu mbele ya bampa. Usiku ule nilipiga hesabu. Kama ningekuwa kwenye 90, mwendo wangu wa kawaida nje ya kijiji, sekunde ile moja peke yake ingekula mita 25, na mahali nilipoweza kusimama gari lingekuwa ndiyo kwanza linaanza kufunga breki. Mtoto yule yuko hai kwa sababu niliogopa shilingi 30,000. Siwezi kusema ni kwa sababu nilimjali, kwa kuwa kabla hajatokea sikuwa nimemfikiria hata kidogo, na hilo ndilo linalonifanya niandike haya yote.

Tukizitazama takwimu, majivuno ya pande zote mbili yanakosa pa kusimama. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2018, iliyotumia takwimu za mwaka 2016, ilikadiria vifo vya barabarani kuwa 27.8 kwa kila watu 100,000 nchini Kenya na 29.2 nchini Tanzania. Yaani nchi inayosemwa kuwa inakimbia na nchi inayosemwa kuwa inatambaa zilikuwa zinazika watu kwa kiwango kinachokaribiana sana.

Kwa maoni yangu linaloziunganisha ni hesabu. Dereva wa daladala na dereva wa matatu wote wawili wanatakiwa kumpelekea mwenye gari kiasi kilichopangwa kila jioni, na kinachobaki baada ya mafuta ndicho chakula cha dereva na kondakta. Mtu wa namna hiyo anapoongeza mwendo anatafuta mshahara wake, na ukimwambia apunguze bila kugusa hesabu unamwambia apunguze chakula cha wanawe. Naomba michango, hasa ya wanaoendesha au waliowahi kuendesha pande zote mbili.

Mchangiaji wa kwanza, Nakuru

Ndugu, umeandika kwa haki, nami ni Mkenya niliyekaa kwenye usukani wa matatu kwa miaka minane. Niongeze jambo moja ambalo vijana hawalikumbuki. Tarehe 1 Februari 2004, kanuni alizozitangaza waziri John Michuki zilianza kutekelezwa: kila matatu iwe na kidhibiti mwendo cha 80, mikanda kwa kila abiria, mstari wa manjano ubavuni, na dereva na kondakta wavae sare. Magari yasiyotimiza masharti yaliondolewa barabarani, watu wakatembea kwa miguu kwenda kazini, na kwa muda tuliendesha kama watu wengine kabisa. Sikuwahi kuona utulivu kama ule. Ulikuja kufifia pale mafundi walipojifunza kuvichezea vidhibiti mwendo na ukaguzi ukageuka kuwa wa makaratasi. Kwa hiyo nakubaliana nawe kwamba tabia haimo kwenye damu, kwani mimi mwenyewe nilikuwa dereva mwingine mwaka 2004 na dereva mwingine miaka michache baadaye, katika nchi ileile na barabara ileile.

Hapa kwetu kuna mteremko wa Salgaa kwenda Sachangwan, ambao umechukua watu wengi kiasi kwamba majina hayo mawili yanatosha kumnyamazisha abiria. Madereva wa malori walikuwa wakiteremka wakiwa wametoa gia ili kuokoa mafuta, na breki zikishapata moto hakuna linaloweza kufanyika tena. Mahubiri juu ya mteremko ule yalikuwa mengi. Kilicholeta nafuu, kwa jinsi nilivyoona, ni kutenganishwa kwa pande mbili za barabara, ili lori lililoshindwa kusimama lisiwakute wanaopanda.

Usiwasahau abiria pia. Wachumi James Habyarimana na William Jack walibandika ndani ya matatu za masafa marefu vibandiko vinavyowahimiza abiria wapaze sauti dereva anapoendesha vibaya, na katika utafiti wao uliochapishwa mwaka 2011 madai ya bima kwa magari hayo yalipungua kwa nusu hadi theluthi mbili. Vibandiko tu. Mimi nimewahi kukemewa na mama mmoja kutoka kiti cha nyuma karibu na Gilgil, na nakiri kwamba sauti yake ilinishusha kutoka kwenye mwendo niliokuwa nao kwa kasi kuliko karao, yaani polisi, yeyote.

Mchangiaji wa pili, Mbeya

Mkuu mleta mada, naheshimu uzoefu wako, ila nadhani takwimu ulizozitumia zinaitendea tochi isivyo haki. Mwaka 2016 polisi wetu waliripoti vifo 3,256, na katika miaka michache iliyofuata, wakati tochi zilipoongezeka barabarani, idadi waliyoiripoti ilishuka hadi chini ya 2,000 kwa mwaka. Kulinganisha nchi mbili kwa mwaka mmoja ulio kabla ya mabadiliko, kisha kusema zinalingana, ni kuikata hadithi katikati. Kenya kwa miaka ya karibuni wamekuwa wakihesabu zaidi ya vifo 4,000 kila mwaka, nao idadi yao ya watu ni ndogo kuliko yetu.

Naishi karibu na barabara ya TANZAM, ile iendayo Zambia, na nimeona malori yakiteremka mlima Kitonga kwa gia nzito, moja nyuma ya jingine, kwa subira ambayo haikuwapo nilipokuwa kijana. Watu wanaweza kusema ni hofu tu. Mimi nasema hofu iliyodumu miaka kumi huwa mazoea, na dereva kijana anayeanza leo hajui kama kuna namna nyingine ya kupita kijijini.

Mleta mada

Mkuu wa Mbeya, nakubali sehemu kubwa ya hoja yako, na nimefurahi kwamba umeileta. Ni kweli kwamba makadirio ya Shirika la Afya Duniani na hesabu za polisi ni vitu viwili tofauti. Kwa mwaka ule wa 2016 makadirio yalikuwa juu mara kadhaa ya vifo vilivyoripotiwa katika nchi zote mbili, kwa hiyo nisingependa mtu achukue namba zangu kana kwamba ni hukumu ya mwisho. Sipingi kwamba tochi inaokoa watu. Nimeeleza kisa cha Longido kwa sababu hiyo hasa.

Ninachopinga ni kuridhika. Tangu Serikali iruhusu mabasi kusafiri usiku mwaka 2023, baada ya miaka mingi ya katazo, saa nyingi za safari zetu sasa hupita wakati askari ni wachache, na hapo ndipo tutakapojua kama mazoea unayoyasema yameota mizizi. Mara chache nilizosafiri na basi la usiku, nimeketi nyuma ya dereva nikitazama mshale wake kwenye vibao vya 50. Wawili walipunguza mwendo kila kijiji. Mmoja hakupunguza hata kimoja kuanzia saa sita usiku hadi alfajiri, na abiria wote walikuwa wamelala isipokuwa mimi. Nilikwenda kumwambia. Alinisikiliza kwa heshima, akapunguza kwa vijiji viwili, kisha akarudi palepale, kwa hiyo ndugu yangu wa Nakuru ana haki kuhusu sauti ya abiria, ila sauti moja kati ya watu hamsini waliolala haina uzito wa kutosha.

Niseme pia juu ya muda, kwa kuwa ndicho kisingizio chetu sote. Kilomita 110 za Namanga hadi Arusha, ukiweza kwenda 80 bila kusimama, ni dakika 82 hivi. Ukienda 100 ni dakika 66. Tofauti ni dakika 16, na hiyo ni kwenye barabara isiyo na kijiji hata kimoja, ambayo haipo. Ukiondoa Longido, mizani na foleni ya kuingia Arusha, faida ya kweli haifiki hata nusu ya hapo. Shirika la Afya Duniani linasema kila asilimia 1 inayoongezeka kwenye mwendo wa wastani huongeza hatari ya ajali ya kuua kwa asilimia 4. Nimewaeleza vijana ninaowafundisha lori hesabu hizi mbili pamoja, na wengi hunyamaza kwa hesabu ya dakika kuliko ile ya vifo, kwa sababu ya dakika wanaweza kuipima wenyewe siku ya pili yake.

Mchangiaji wa tatu

Wakuu, nimesoma yote kwa makini. Mimi ni Mtanzania na mwezi ujao nitaendesha gari dogo kwenda Nairobi kwa mara ya kwanza, nikiwa na mke wangu na watoto wawili. Naomba ushauri wa namna ya kuendesha huko bila kuwa kikwazo kwa wenyeji na bila kujiingiza kwenye hatari.

Mchangiaji wa kwanza, Nakuru

Karibu sana, ndugu. Matatu ikitaka kuingia mbele yako, iachie nafasi wala usishindane nayo, kwa kuwa dereva wake ameshaamua kabla wewe hujamwona. Kwenye barabara yenye njia mbili au tatu upande mmoja, kaa kushoto mpaka uizoee. Ukifika Mlolongo unaweza kupanda barabara ya juu ya kulipia inayokwenda hadi Westlands, kilomita 27, ambayo kikomo chake ni 80. Kwa mgeni mwenye watoto naona inastahili ada yake.

Mleta mada

Nakuunga mkono, na niongeze machache. Ondoka Arusha alfajiri ili umalize taratibu za mpakani mapema na uipite Kitengela kabla ya jioni. Matuta ya Kajiado na Isinya mengine hayana rangi, hivyo ukiona gari la mbele linawasha taa za breki bila sababu unayoiona, punguza nawe papo hapo. Gari linalokujia usoni likiwasha taa kamili, shuka kwenye bega la barabara, maana halitarudi. Na siku ya kurudi, ukishavuka mpaka, anza kupunguza mwendo kabla hujakiona kibao cha Longido, hasa ikiwa ni mchana baada ya saa saba. Malori huegeshwa pande zote mbili za barabara, na watoto wa shule hutokea nyuma yake.